SOMO LA AFYA NYUMBANI: JIONI NI YA NANI?



Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Wako wazee wanaoikumbuka hata leo. Somo hili tunalifuata kwa njia ile ile: tusome, tujadiliane, tutende. Ila safari hii hatusemi juu ya jembe wala choo. Tunasema juu ya kupumzika jioni.

Huenda mtu atacheka na kuuliza, "Kupumzika nako kunafundishwa?" Ndiyo, kunafundishwa. Maradhi ya shinikizo la damu na kisukari si ya watu wa mjini peke yao tena; yamefika mpaka vijijini. Nayo hayapigi hodi. Mtu aweza kuishi na shinikizo la damu miaka mingi asiumwe popote, mpaka siku anapoanguka. Kinga yake haipatikani kwa siku moja. Hujengwa kidogo kidogo, na sehemu kubwa hujengwa nyumbani, jua likiisha kuchwa.

Jioni yetu ya Kibuta

Tunaijua jioni yetu. Baba hurudi kutoka shamba la mihogo au la mikorosho, huoga, huketi barazani. Mama naye ametoka shamba lile lile. Lakini akiweka jembe hushika ndoo, akitua ndoo hushika kuni, na watoto wakiisha kulala yeye bado anaosha sufuria. Tusidanganyane: pumziko la mmoja likilipwa kwa uchovu wa mwingine, nyumba haijapumzika. Mambo tutakayoyataja hapa hayataki fedha nyingi. Yanataka kugawana kazi. Kijana wa kiume aweza kuteka maji. Baba aweza kuogesha watoto. Wala heshima ya mtu haipungui.

Mambo ya kufanya

1. Tule mapema. Chakula kikipikwa kabla ya giza, tumbo hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Tukipata saa mbili au tatu kati ya kula na kulala, kiungulia hupungua. Tuangalie na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Samaki wa chumvi tumloweke na kumwaga maji kabla ya kumpika. Chai ya rangi iliyokolea na kahawa tuziache za mchana, maana hukawiza usingizi.

2. Tutembee kidogo. Baada ya kula, mwendo wa dakika kumi kumtazama jirani husaidia kupunguza sukari katika damu. Hasa yafaa kwa fundi cherehani, mwenye duka na kila ashindaye ameketi.

3. Tuoshe miguu. Maji ya vuguvugu huondoa vumbi na uchovu. Tuikaushe vizuri katikati ya vidole, kisha tutazame nyayo kwa mwanga: kuna mwiba, mpasuko au kidonda? Mwenye kisukari asiache hata siku moja, kwa kuwa miguu yake yaweza kufa ganzi asisikie alipoumia. Maji yake ayapime mtu mwingine kwa mkono, asije akaungua bila kujua. Hapa mjukuu amsaidie bibi au babu. Ni kazi ndogo, nayo yaweza kuokoa mguu.

4. Tupige mswaki. Usiku mate hupungua mdomoni, na mabaki ya chakula huozesha meno kwa urahisi. Dawa ya meno yenye madini ya floraidi ndiyo bora. Baada ya hapo tusile kitu tena, wala kunywa chochote ila maji.

5. Tuzungumze, kisha tunyamaze. Mazungumzo ya barazani, hadithi na vitendawili kwa watoto hutuliza moyo. Simu tuiweke mbali kabla ya kulala. Mwanga wake na habari zake huifanya akili idhani bado ni mchana. Madeni na ugomvi tuviwekee saa nyingine. Pombe nayo humtupa mtu usingizini upesi, lakini usingizi wake ni wa kukatika-katika.

6. Tulale salama. Mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku. Tukikaa nje tufunike miguu, na tukilala tuchomekee chandarua chenye dawa chini ya godoro au mkeka. Jiko la mkaa tusiliingize chumbani hata kama ni msimu wa baridi na mvua. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Mtu mzima ahitaji kulala saa saba au zaidi. Mtoto wa shule ya msingi ahitaji saa tisa hadi kumi na mbili. Basi aamkaye saa kumi na moja alfajiri na awe amelala saa nne usiku, na huyo ni pamoja na mama.

Tahadhari

Mazoea haya si badala ya zahanati. Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu au kisukari asiziache kwa kuwa analala vizuri. Na kila mtu mzima akapime, hata kama hasikii maumivu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

(a) Nani hulala wa mwisho nyumbani kwetu? Kwa nini?
(b) Ni kazi gani moja ya jioni tunayoweza kumpokea?
(c) Nani kati yetu hajapima shinikizo la damu tangu mwaka jana?
(d) Chandarua chetu kina matundu?

Tusijaribu yote kwa siku moja tukachoka. Tuchague jambo moja juma hili, na juma lijalo tuongeze la pili. Haba na haba hujaza kibaba. Tukianza na swali lile la kwanza, mengine yatatufuata.