Picha Inayotoka Nje ya Fremu: Zana ya Kufundishia Historia

Mwalimu anapofundisha habari za misafara ya karne ya 19, mara nyingi hutundika ubaoni picha ya watu waliojipanga mstari na mizigo yao. Wanafunzi huitazama kidogo, kisha huisahau, kwa kuwa watu wote wa picha hiyo ni wadogo na wanafanana. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi ya kutengeneza picha ambayo mtu mmoja huonekana akitoka nje ya fremu na kuingia darasani. Mfano wetu ni somo la historia kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi huko Ulyankulu, mkoani Tabora.

Kanuni yenyewe

Jicho limezoea mambo mawili. Kwanza, fremu ni mpaka wa picha. Pili, kitu kinachofunika kingine ndicho kilicho karibu. Basi mguu wa mtu ukifunika ukingo wa fremu, jicho hukata shauri kwamba mguu huo umekwisha kutoka. Mchoraji wa Hispania, Pere Borrell del Caso, aliitumia kanuni hiyo mwaka 1874 alipochora mvulana anayepanda ukingo wa fremu ili atoke. Tukumbuke kwamba pasipo mpaka hakuna kutoka: fremu lazima ionekane wazi, na atoke mtu mmoja tu.

Kuchagua wa kutoka

Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Vitabu vingi vya wasafiri wa Ulaya vilimweka msafiri mbele na wapagazi nyuma. Mwalimu anaweza kuugeuza mpango huo. Amtoe mpagazi nje ya fremu, na pembe iliyo begani mwake ivuke ukingo wa juu.

Kutengeneza kwa kompyuta

Programu ya GIMP hupatikana bila malipo, nayo hupanga picha kwa tabaka, kama karatasi zilizolaliana.

1. Fungua picha, ihifadhi ile ya asili mahali pengine, kisha tengeneza nakala ya tabaka lake. Weka tabaka jeupe chini ya yote.
2. Kati ya nakala hizo mbili weka tabaka la fremu. Ichore fremu ili mguu wa mbele na ncha ya pembe vibaki nje yake.
3. Katika nakala ya chini, futa kila kilicho nje ya fremu.
4. Katika nakala ya juu, mbakize mpagazi peke yake. Mahali ambapo fremu inapaswa kupita mbele yake, kama vile kwenye mguu wa nyuma, mfute ili fremu ionekane.
5. Chini ya tabaka la mpagazi weka kivuli hafifu penye unyayo. Bila kivuli ataonekana akielea.

Kutengeneza kwa mkasi

Pasipo umeme, chukua nakala mbili za picha moja. Ya kwanza ikate mstatili, uibandike juu ya manila na kuizungushia fremu ya karatasi nyeusi. Kutoka ya pili mkate mpagazi mzima, umbandike juu ya mwenzake kwa vipande vya boksi vilivyokunjwa ili ainuke kidogo. Gundi ya unga wa muhogo yatosha.

Tahadhari

Picha hii huamsha fikira, lakini si ushahidi wa historia. Tulipoikata tumeondoa njia, miti na watu wengine, pengine hata wanawake waliosafiri pamoja na misafara. Kwa hiyo mwalimu aitundike picha ya asili kando ya ile iliyotengenezwa, na awaambie wanafunzi waziwazi kwamba ameibadili. Mtoto asiyefundishwa hivyo shuleni atadanganywa kesho na picha za simu.

Jambo la pili linahusu Ulyankulu hasa. Makazi ya wakimbizi wa Burundi yalifunguliwa huko mwaka 1972, na wengi wa wakazi hao na watoto wao wamekwisha kuwa raia wa Tanzania. Kwa mwanafunzi wa ukoo huo, mtu mwenye mzigo anayevuka mpaka aweza kuwa babu yake. Mwalimu asimlazimishe kusimulia, wala asikate picha ya familia yoyote bila idhini ya wenyewe.

Maswali ya darasani

1. Nani ametoka nje ya fremu, na nani amebaki ndani?
2. Picha ya asili ina nini ambacho hii haina?
3. Kama ungechagua wewe, ungemtoa nani? Kwa nini?

Swali la tatu lipewe muda mrefu zaidi, maana hapo mwanafunzi hutambua kwamba kila picha ya historia imechaguliwa na mtu.