Wakili Amekalia Fidia Yako? Anzia Masjala

Kesi ya ajali ya matatu imekwisha, au ndivyo unavyosikia. Karani anakwambia urudi Jumatatu. Jumatatu ikifika, wakili yuko Kisumu. Ukimtumia ujumbe, tiki mbili zinageuka buluu na kimya kinaendelea. Wengi wakifika hapa humwendea ofisini wakamtukana mbele ya wateja, au humwanika Facebook. Hilo halileti hata shilingi, na laweza kukugeuza wewe mshtakiwa wa kuharibia mtu jina.

Jiulize kwanza unachotaka: pesa, faili lako, au wakili aadhibiwe. Kila kimoja kina pa kupelekwa. Nimeona watu wakizunguka miaka wakidai pesa mahali pa kutoa adhabu, na adhabu mahali pa kudai pesa.

Hata hivyo, safari ya kwanza ni moja kwa wote: masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi. Nenda na namba ya kesi, lipa ada ya kusoma faili. Humo utaona kama kesi iliamuliwa, kama pande mbili ziliafikiana, au kama ilitupwa kwa sababu wakili hakufika. Omba nakala ya hukumu. Kisha iandikie kampuni ya bima ya gari lililokugonga, uulize ililipa lini, kiasi gani, na hundi iliandikwa kwa jina la nani. Siku bima ikijibu kwamba ilishalipa, unayo karatasi ambayo wakili hawezi kuizungusha.

Sasa mwandikie wakili mwenyewe. Barua fupi, isiyo na matusi: namba ya kesi, kiasi kilicholipwa, unachodai, na siku 14 za kujibu. Mwombe hesabu kamili ya kilichoingia na alichokata. Pesa za mteja zapaswa kukaa katika akaunti ya wateja, mbali na zake, kwa hiyo hesabu hiyo si hisani. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa ofisi yake.

Akinyamaza, nenda kwenye Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili. Iliundwa mwaka 1989 chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, na imo katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hulipi kitu, wala huhitaji wakili mwingine wa kukuandikia. Peleka risiti, barua, jumbe za M-Pesa, hukumu na jibu la bima. Simulia kwa tarehe. Habari za jinsi alivyokudharau ziache nyumbani. Tume humtaka wakili ajieleze, na yanayoweza kupatanishwa hupatanishwa. Mazito hupelekwa kwenye Jopo la Nidhamu la Mawakili, ambako wewe pia unaweza kwenda moja kwa moja kwa hati ya kiapo. Jopo laweza kumwonya wakili, kumsimamisha hadi miaka 5, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kumfuta kabisa kwenye orodha ya mawakili. Laweza pia kumwamuru akulipe fidia isiyozidi shilingi milioni 5. Deni likizidi hapo, Mahakama Kuu yaweza kumwamuru atoe hesabu na kukulipa, kupitia Agizo la 52 la Kanuni za Kesi za Madai. Na kama amezila pesa zako, hiyo ni jinai. Polisi wana sehemu yao.

Ugomvi wa ada ni jambo lingine. Dai ankara yenye mchanganuo. Ukiona imetiwa chumvi, msajili wa mahakama ndiye huipima. Kumbuka kwamba makubaliano ya wakili kulipwa endapo tu utashinda hayatambuliki Kenya, hata kama dalali aliyekufuata kitandani hospitalini alikuambia ni kawaida.

Kushindwa kesi, peke yake, si kosa la wakili. Kosa ni kuchelewa kuifungua hadi muda ukapita, au kutofika mahakamani ikatupwa. Ukimshtaki kwa uzembe una miaka 3. Kwa kuvunja mkataba, 6. Jiandae: utalazimika kuonyesha kwamba kesi ya kwanza ingeshinda kama ingeendeshwa sawasawa, yaani unaendesha kesi mbili ndani ya moja. Hapa tafuta wakili mpya, na kabla ya kumpa hata senti, hakikisha kwa Chama cha Mawakili kwamba ana cheti cha kazi cha mwaka huu.

Ikiwa ulitia saini karatasi inayosema hutamdai wakili wako lolote hata akizembea, usiitupe. Ipeleke pamoja na malalamishi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinainyima nguvu.