SOMO LA KIINGEREZA: UMOJA NA WINGI KATIKA SENTENSI



Katika toleo hili tunaangalia jambo linalowasumbua wengi wanaoandika barua kupeleka ofisini: namna ya kupatanisha umoja na wingi katika Kiingereza. Chukua daftari na kalamu, unakili mifano unapoisoma. Somo la lugha likisomwa kama gazeti halikai kichwani.

Kwanza ujue kwamba sheria yenyewe unayo tayari. Mtoto akiwa mmoja unasema "Mtoto mdogo anaumwa". Wakiwa wawili unasema "Watoto wadogo wanaumwa". Hukungoja mwalimu akufundishe. Sikio lako mwenyewe linakataa "watoto mdogo anaumwa". Kiswahili kinabadilisha karibu kila neno: jina, sifa na kitendo. Kiingereza ni kivivu zaidi. Sifa yake haibadiliki kabisa: a small child, small children. Neno small limebaki vilevile. Sisi tuliosoma Kongo au Burundi tunapenda kuongeza s hapo kwa sababu Kifaransa kinadai hivyo: petit, petits. Usiandike "smalls children". Katika Kiingereza yanayobadilika ni jina na kitendo, basi. (Yapo maneno machache kama this, ambalo kwa wingi huwa these, lakini hayo tutayafikia siku nyingine.)

Sasa mtego uko hapa. Herufi s ikikaa kwenye jina, ni dalili ya wingi: one girl, two girls. Ikikaa kwenye kitendo cha wakati uliopo, ni dalili ya umoja: The girl reads. Wasichana wakiwa wengi: The girls read. Angalia vizuri, s imehama kutoka kwenye kitendo ikaenda kwenye jina. Mtu anayeandika "The girls reads" anadhani anakazia wingi, kumbe amevuruga. Tena s hiyo ya kitendo ni ya he, she na it peke yake. Ukisema I, you, we au they, haipo. Na you hutumika kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, daima na are: You are late yaweza kuwa "umechelewa" au "mmechelewa".

Majina mengine hayapokei s katika wingi, yanageuka yenyewe: child, children, man, men, woman, women, foot, feet, tooth, teeth. Kwa hiyo The children read ni sahihi ijapokuwa huoni s popote.

Vitendo vitatu vikaririwe kabla ya vingine vyote. I am, he is, they are. Kwa wakati uliopita he was, they were. She has, they have. She does, they do. Katika kukanusha, does hubeba s peke yake: She does not eat. Ukiandika "She does not eats" umebeba mzigo mmoja mara mbili.

Pengine unajiuliza kama kosa dogo namna hii linamdhuru mtu. Ukiongea kwa mdomo, anayekusikiliza anaweza kukuuliza tena. Karatasi haiulizwi. Mama mmoja wa mtaa wetu alipeleka barua aliyoandikiwa na kijana wa jirani: "My child have fever and they is not eating." Walikuwa mapacha, wote wawili wana homa. Aliyeipokea aliona child, akaandika mgonjwa mmoja kwenye orodha ya gari la hospitali. Asubuhi mama alifika na watoto wawili, ikabidi pacha wa pili aombewe nafasi palepale mlangoni pa gari. Walimkubali, lakini siku hiyo gari lilikuwa na nafasi. Barua ilitakiwa kusema: My two children have fever and they are not eating. Nakushauri utaje hesabu kila unapoandika juu ya watu. Ukiandika two, hata kama kitendo kimekosewa, msomaji atajua mko wangapi.

Kwa hesabu ya nyumba tumia there is na there are. Kiswahili kinasema "kuna" tu, kwa mtu mmoja au mia, ndiyo maana tunateleza. Andika There are six people in my family. Mtoto akizaliwa: There is a new baby in my family. Kumbuka people tayari ni wingi, haliendi na is.

Tufike kwenye chakula, maana ndiko makosa yanakojaa. Kiswahili kinasema maji yamekwisha, mafuta yamekwisha, maziwa yamekwisha, mahindi yamekwisha. Kwa sababu ya ma- na ya-, kichwa chetu kinaona wingi, mkono unaandika "The water are finished". Kwa Mwingereza vitu hivyo havihesabiki, na kisichohesabika huchukua umoja: The water is finished. The oil is finished. The milk is finished. The maize is finished. Vivyo hivyo unga, mchele, chumvi na sabuni. Lakini maharage ni wingi: The beans are finished. Utasema, mbona hata punje za mahindi zinahesabika? Ni kweli, ila hapo usitafute haki, kariri tu.

Ukitaka kuhesabu kisichohesabika, hesabu kipimo chake: two bars of soap, three bags of maize, five litres of oil. Kitendo nacho kinafuata kipimo. Magunia mawili yakipotea andika Two bags of maize are missing. Likipotea moja, One bag of maize is missing. Tofauti ya is na are hapo ni gunia zima.

Tuliopitia Kifaransa tuna mtego mwingine. Kifaransa kinakubali les informations, les bagages, les meubles. Kiingereza kinakataa: information, luggage na furniture havipokei s. My luggage is at the gate, hata kama mizigo ni kumi. News ina s lakini ni umoja: The news is good. Kwa upande wa pili, Kifaransa kinasema la police est, Kiingereza kinasema The police are. Na suruali moja, un pantalon, huwa My trousers are torn.

Mwisho, usidanganywe na neno lililo karibu na kitendo. Tafuta mwenye sentensi. The list of names is on the board: kilichobandikwa ni orodha, kama tunavyosema "orodha ya majina iko ubaoni". One of my children is missing: aliyepotea ni mmoja. Anayeandika "are" katika barua ya kutafuta ndugu anamwacha msomaji akijiuliza ni watoto wangapi watafutwe. Kila ni umoja, sawa na kwetu: Every family has a card. Bali watu wawili waliounganishwa na and ni wingi: My wife and I have one card.

ZOEZI. Jaza is au are, has au have.
1. The cooking oil ___ finished.
2. There ___ seven people in my house.
3. One of the blankets ___ torn.
4. My husband and I ___ a new card.
5. The names of my daughter ___ not on the list.
6. Every woman in the two queues ___ a number.

Majibu: 1 is, 2 are, 3 is, 4 have, 5 are, 6 has. Waliokosa namba 5 watazame tena: binti ni mmoja, lakini yasiyoonekana kwenye orodha ni majina.