Nafasi Ipo, Windows Inaibania

Haya wadogo zangu, sogeeni. Tangu huduma ya kawaida ya Windows 10 ikome Oktoba 2025, swali linalonijia sana ni hili: "Dada, nataka Ubuntu lakini Windows siiachi, kazi inaidai. Diski ina gigabaiti 90 tupu, ila nikitaka kuipunguza naambiwa 8 tu ndizo zinatoka. Nyingine ziko wapi?"

Ziko palepale, mwaya. Windows huikata sehemu C kuanzia mwishoni kurudi nyuma, na ikikutana na faili isiyoweza kuihamisha, inakomea hapo. Wakaidi wenyewe ni hiberfil.sys, inayotumika kompyuta ikilala usingizi mzito, pagefile.sys, msaidizi wa RAM, na nakala za kurejesha mfumo. Ni mpangaji mmoja aliyegoma kuhama: kiwanja kitupu, na hujengi.

Mtoe hivi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off. Hiberfil inafutika, na ile Fast Startup inazimika pamoja nayo. Hiyo ya pili ni faida kubwa, kwa sababu Fast Startup huiacha Windows nusu macho huku imeishikilia C, kisha Linux ikitaka kuandika humo inakataliwa. Zima pia System Protection (ndiyo inayotunza zile nakala) na pagefile kwa muda, washa upya mashine, punguza, halafu uzirudishe hizo mbili.

Ila ngoja, usikimbilie. Laptopu nyingi za Windows 11 huja diski imefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukigusagusa mpangilio wa kuwasha mashine, unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi. Na picha za harusi, tasnifu, hesabu za duka, vyote vinakiliwe kwenye diski ya nje. Hapo sibembelezi mtu.

Sasa nenda Disk Management, bonyeza C kwa kitufe cha kulia, chagua Shrink Volume. Angalieni jamani, kile kisanduku kinahesabu megabaiti! Ukiandika 60 utapewa megabaiti 60, hazitoshi hata kwa video ya sherehe. Gigabaiti 60 ni 61440. Ubuntu 24.04 inataka angalau 25, lakini mimi ningekupa 50 au 60 kama zipo, mradi Windows nayo ibaki na pa kupumulia masasisho yanapokuja.

Nafasi iliyopatikana iache vilevile, isiyogawiwa. Usiigeuze kuwa D, kisakinishi cha Ubuntu kitaiona chenyewe. Kikikuuliza, chagua kusakinisha kando ya Windows. Chaguo la Erase disk linafanya kile kile linachosema: linafuta diski.

Na fundi akishikilia kwamba lazima kwanza afute kila kitu, mshukuru, chukua laptopu yako, nenda zako.