Mizani ya Jumatatu

Mkristo wa Tanga hakosi pa kusali Jumapili: Waanglikana wapo, Wakatoliki wapo, Walutheri na Wapentekoste nao wapo. Kazi huanza Jumatatu pale sokoni Ngamiani, mteja anapouliza bei. Anayetaka kuishi maisha matakatifu namshauri aanzie hapo.

Shika Zaburi ya 15. Ina aya tano tu. Inauliza nani atakaa hemani mwa Bwana, na katika majibu yake hamna kwaya wala sare ya kitenge. Mna kusema kweli, kutomsengenya jirani, kutimiza kiapo hata kikikutia hasara, kukataa riba na rushwa. Isome asubuhi kabla hujashika simu. Usiku isome tena, polepole, ujihoji kwa kila jambo. Ungama mambo yenye majina. “Nisamehe dhambi zangu zote” ni sala nzuri, lakini inaficha mengi. “Nilimwambia mteja samaki ni wa leo, kumbe wa jana” haifichi kitu.

Kama unauza, kagua kipimo chako. Geuza kopo la karanga, upitishe kidole kitakoni. Likiwa limebonyezwa kuingia ndani, litupe, hata kama soko zima linatumia la namna hiyo. Ukilazimika kupandisha bei, pandisha waziwazi: mteja ataguna, pengine ataondoka, lakini hajaibiwa. Anayepanda Lushoto kufuata viazi na kabichi, mtihani wake ni lumbesa, lile gunia lililovikwa kilemba juu likalipwa bei ya gunia moja. Kilemba kile ni jasho la mkulima. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, ila mkaguzi wa vipimo hawezi kusimama kila shamba. Nunua kwa kilo. Wenzako watakucheka na faida itapungua. Usimsikilize mhubiri anayekuahidi kwamba Mungu atairudisha mara saba msimu huohuo; wakati mwingine faida inakwenda, basi.

Kwenye kikoba, siku ya marejesho ikifika huna kitu, nenda mwenyewe ukaseme. Usizime simu. Na fungu la kumi lisitoke kwenye mshahara wa dada wa kazi ambaye hujamlipa.

Somo hili si geni huku kwetu. Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908, ambaye dayosisi yake ilifika hadi Bonde, ndiye aliyeanzisha mwaka 1911 shirika la masista waliotumika Magila, Muheza. Mwaka 1923 alisimama London mbele ya Waanglikana waliopenda sana uvumba na mishumaa, akawaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu kwenye tabernakulo ilhali hawamhurumii kwenye mitaa ya maskini. Mwaka uliofuata alifariki Hegongo, jirani na Magila. Uvumba naupenda hata mimi, na yeye aliupenda. Hakutaka tu uwe kisingizio.

Majirani wengi wa Mkristo wa pwani ni Waislamu, na hao ndio wanaomwona kila siku. Ramadhani ukiletewa futari, pokea kwa mikono miwili, na sahani isirudi tupu. Krismasi ukitaka majirani hao wale pilau lako kwa amani, mwombe Muislamu akuchinjie mbuzi, umwambie mapema kwa sababu siku hiyo ataitwa nyumba nyingi. Sufuria iwe haijawahi kupikiwa kitimoto. Ukiulizwa habari za Yesu, eleza unachokiamini bila kumungunya maneno, ila usianze kuichambua Kurani ambayo hujaisoma.

Mwisho, tafuta mtu mmoja wa kukuuliza maswali magumu. Katika kanisa lenye desturi ya kitubio, padri yupo. Kwingine, mwombe mzee wa kanisa au mwenzako wa jumuiya. Mchague anayeijua kazi yako, mwenye kujua karanga zinauzwaje na gunia linafungwaje, maana asiyejua utamzungusha. Mke au mume anafaa pia, isipokuwa kwenye habari ya kopo: faida yake mnakula wote.