Betri Iliisha, Taa za Dashibodi Hazizimi: Ufanye Nini?

Mkazi wa Buruburu, gari likiwashwa kwa kebo baada ya betri kuisha, taa za ABS, usukani au injini huweza kubaki zikiwaka. Mara nyingi kompyuta ya gari ilikosa umeme wa kutosha, ikarekodi hitilafu. Kabla ya kununua kipuri:

1. Zima injini. Safisha vichwa vya betri, uvikaze.
2. Pima betri gari likiwa limepumzika. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6.
3. Washa injini, upime tena. Volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Chini ya 13, huenda alternata haichaji.
4. Endesha polepole mtaani. Taa za manjano zisipozimika, fundi asome hitilafu kwa mashine.

ABS isipofanya kazi, breki za kawaida zipo, lakini magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga ghafla.

Taa nyekundu ya oili, joto la injini au breki (handibreki ikiwa imeachiliwa) ni hatari. Usiingie Jogoo Road, ita fundi.

Betri kuukuu ina risasi na asidi. Usiitupe jalalani, mrudishie muuzaji.