Kupiga Picha ya Uso

Likizo ya Desemba iliyopita niliazima kamera ya mjomba wangu, nikampiga picha babu. Alivaa kanzu nyeupe, akasimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa sita mchana. Kwa jua lile sikuweza kuona vizuri kioo cha nyuma ya kamera, nikaridhika. Picha iliposafishwa, kanzu ilionekana mpaka vifungo, lakini uso ulikuwa doa jeusi. Fundi alijaribu kuing'arisha kwa kompyuta, akapata madoadoa tu. Mwezi wa Machi babu alifariki, nasi hatuna picha yake nyingine ya uzeeni. Ndiyo maana nimejifunza jambo hili, na nimeona yafaa niwaeleze wenzangu, kwa kuwa picha za Kidato cha Nne zitapigwa muhula ujao.

Kwanza yafaa kujua kuwa kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui uso wala ukuta. Hupima nuru yote irudiyo kutoka mbele yake, na hutaka jumla yake iwe kama rangi ya kijivu. Kikikuta weupe mwingi, hudhani nuru imezidi, kikaipunguza. Basi nilipata picha ya kanzu na ukuta, si ya babu. Wako wanaosema kosa ni la ngozi nyeusi. Si kweli, ingawa hata viwanda havikutufikiria zamani: tangu miaka ya 1950 kadi za Kodak za kusawazishia rangi zilikuwa na sura ya mwanamke Mzungu, na ni katika miaka ya 1990 zilipotolewa zenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Dawa yake iko mkononi mwako. Viganja vya watu havitofautiani sana kwa weupe. Geuza kitufe cha kamera kwenye herufi M, nyosha kiganja chako katika nuru ile ile imwangukiayo mwenzako, kijaze chote katika kamera, upime. Kisha ongeza nuru hatua moja. Hatua moja ni kuizidisha mara mbili: kutoka namba 8 ya lenzi kwenda 5.6, au kutoka 1/125 ya sekunde kwenda 1/60. Namba ya lenzi ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Jambo hili lilinisumbua wiki nzima. Chini ya 1/60 mkono hutikisika, kwa hiyo heri ufungue tundu. Kwa simu, ambayo sisi huishika wakati wa likizo tu, gusa uso kwenye kioo, kisha ongeza au punguza mwangaza kwa kidole.

Lakini kipimo kizuri hakiponyi nuru mbaya. Jua la saa sita hutoka utosini, likatia kivuli machoni kama mashimo. Mweke mtu barazani, ukingoni mwa kivuli, akitazama nje penye uwazi. Au kando ya dirisha, ageuze uso kidogo kulielekea. Upande wa pili mwenzenu ashike shuka jeupe, nalo litarudisha nuru shavuni. Seydou Keïta, mpiga picha maarufu wa Bamako, mji mkuu wa Mali ya leo, alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anapiga uani kwa mwanga wa jua. Shuka la kitanda chake ndilo lililokuwa pazia lake la kwanza. Mara nyingi alimpiga kila mteja mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali.

Jumamosi iliyopita nilimpiga mpishi wetu mlangoni mwa stoo, naye amevaa aproni nyeupe. Nilipima kiganja, nikafungua hatua moja, na rafiki yangu akashika shuka la bweni. Hata makunyanzi ya kucheka pembeni mwa macho yalitoka. Mzee ameomba nakala mbili, moja ampelekee mama yake.